Boksi Lisilo na Tundu la Maiki

Nsambya, Kampala
16 Februari 2025

Kaka Khaemba,

Nisamehe nimeruka salamu. Nikianza nazo nitajaza ukurasa kwa habari za mvua, halafu nitaogopa, na hili nililoketi kukuambia litabaki tumboni. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padre kwenye kitubio, maana sijui hata kama ni dhambi. Mimi nataka maiki ya Baba.

Basi, nimesema.

Najua ni yako. Kila mtu pale kwenye kibanda cha video, walikomwita Baba Redio, alikuwa akisema, "Redio akichoka kutafsiri, Khaemba atashika." Wewe ndiye wa kwanza, na sauti ulikuwa nayo. Mimi ni yule ambaye wageni wakiingia anajificha nyuma ya pazia la jikoni, na mwalimu akiuliza najua jibu na nalimeza. Lakini filamu za Baba nazijua zote, Kaka. Nikiosha vyombo nazitafsiri. Sufuria ni jambazi, mwiko ni polisi. Kiswahili chake nakiweka vile vile, pale pale. Nikisikia mtu anakuja, naanza wimbo wa kanisa.

Sasa salamu. Hatujambo kiasi chetu. Mama bado anakwenda Ggaba alfajiri kuchukua samaki, na anasema siku hizi sangara wanaletwa wadogo, aibu kuwauza. Mimi nimeingia kidato cha nne. Mama Benedicte, yule jirani Mkongo wa vitenge, anakuuliza kila Jumapili kama umeshakuwa padre. Nikimwambia bado uko unovisi, hata nadhiri hujaweka, anasema, "Wanamupika polepole, ataiva."

Baba yupo. Tangu wamtoe koo mwaka jana anapumua kwa lile tobo la shingoni, na anaandika kwa chaki kwenye kibao changu cha zamani cha shule. Kibanda kilifungwa Novemba, watu sasa wanatazama kwenye simu zao. Amplifaya yake iliungua wiki ile ile, kama iliyokuwa inangoja. Afande Odyek, rafiki yake wa kibandani, akapitisha kofia yake ya polisi kote kambini kwao, ili Baba anunuliwe chombo cha kutazamia sinema nyumbani. Na hapo ndipo palipo na shida.

Mama anataka hom thieta, ile ambayo kila kitu kimo ndani ya boksi moja, na vispika vitano vidogo. Afande Odyek anataka vyombo mbalimbali kama vya zamani: amplifaya peke yake, mixa peke yake, na zile spika kubwa za mbao Baba alizozitengeneza mwenyewe zibaki. Baba alipoulizwa aliandika "Chochote" akafuta. Mama akanigeukia: "Wewe ndiye umesoma. Chagua."

Boksi halina tundu la maiki, Kaka. Nimekwenda kuliangalia dukani, nikaligeuza nyuma na mbele.

Na kuna jingine. Daktari alituambia kwamba hii dawa ya dripu inapigana na ugonjwa lakini inaweza kula masikio. Hakusema lini. Tayari Baba ukimwita anageuza upande wa kushoto. Kama kuna mtoto wake atakayeshika maiki naye akasikia, ni sasa.

Lakini kwetu kitu cha baba hakishikwi na mdogo wakati mkubwa yuko hai. Kwa hiyo nakuomba. Ukisema ndiyo, nitachagua vyombo mbalimbali. Ukisema hapana, nitachagua boksi na sitakukasirikia. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Nabalayo


Nsambya
23 Machi 2025

Kaka Khaemba,

Natumaini baridi ya Njombe haijakugandisha. Sisi mvua imeanza, na paa la hizi nyumba za reli unalijua, tumepanga mabeseni. Mama ana mafua. Nimeshinda insha ya Kiswahili lakini sikwenda mbele kuisoma, nilimwambia mwalimu nina kidonda cha koo. Halafu nikajuta kusema koo.

Barua yako sijaiona. Labda yangu ilikuudhi.

Tumenunua boksi. Tulikwenda kwa Shakib, yule anayeuza vyombo vya muziki mjini, mimi na Mama na Afande Odyek akiwa na magwanda yake kamili, watu wakidhani tumekuja kukamata mtu. Shakib akaanza:

"Mama, hii ndiyo ya kisasa. Boksi moja, rimoti moja. Mtoto anaweza, bibi anaweza."

"Hii spika ndogo kama sabuni ya hoteli," Afande akasema. "Redio atasikia nini hapa?"

"Afande, unatafuta spika ama unatafuta kabati?"

"Natafuta kitu ya mwanaume!"

"Basi nenda Katwe kwa mafundi wa vyuma wakuchomee geti."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema amechoka kupita sebuleni kiubavu kwa sababu ya spika, na Baba ni mgonjwa, anahitaji kitu cha kubonyeza tu. Alikuwa na haki, Kaka. Shakib akanigeukia: "Na huyu binti wa shule? Maana naona amegeuza hilo boksi kama anatafuta kupe."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nangoja barua yako, na barua haikuwapo. Nikasema, "Sawa tu."

Lina sauti nzuri, sitalisingizia. Safi, husikii mngurumo. Jioni ya kwanza Baba aliketi tukaweka ile filamu yake ya muuza sokoni anayewapiga wezi. Wahusika walipoanza kuongea nikaona mkono wake wa kushoto unatembea kwenye kiti, unatafuta. Unajua alivyokuwa akifanya kazi: maiki kulia, na kushoto kidole kwenye kitufe cha mixa, anashusha sauti ya filamu ili aseme yeye, anaipandisha bunduki zikilia. Mkono ulitafuta mpaka ukafika mwisho wa kiti. Akaurudisha na kuukalia.

Spika kubwa ziko barazani kwa Mama Benedicte. Anapanga vitenge juu yake.

Kama umekataa, niandikie tu umekataa.

Nabalayo


Nyumba ya Unovisi
Njombe, Tanzania
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Naba,

Kristo amefufuka, na leo tumekula nyama. Mimi mzima. Nimejifunza kukamua ng'ombe na kunyamaza. Ng'ombe ni rahisi zaidi. Msalimie Mama, mwambie sweta nalivaa hata kitandani. Mwambie Mama Benedicte bado niko jikoni.

Naba, sikukataa. Hapa kwetu barua zote zinazofika wakati wa Kwaresima Baba Mlezi, padre anayetusimamia, anazifungia kwenye droo mpaka Pasaka. Ni sehemu ya mfungo. Sikujua kama zipo. Jana baada ya misa alinipa zote mbili, nami nikaifungua ya Machi kwanza. Nilisoma "tumenunua boksi" kabla ya kujua uliuliza nini.

Kuhusu vyombo, maana najua utataka maoni ya fundi wa kibanda aliyefungiwa huku: boksi moja lina raha yake. Halili nafasi, nyaya chache, Mama hatalia. Lakini ndani mle wamefunga vyote kwa moyo mmoja. Kinachoendesha diski ndicho kinachoendesha spika, na siku kikifa hakuna utakachokiokoa. Vyombo mbalimbali ni usumbufu, ila kimoja kikiugua unakitoa, vingine vinaendelea. Spika za Baba zimeona amplifaya kadhaa zikizikwa. Usimwachie Mama Benedicte azizoee.

Kuhusu maiki, ni jambo refu. Tutaongea nikija.

Baba anasikiaje sasa? Niandikie ukweli. Nawaombea kila Masifu ya jioni.

Kaka yako,
Khaemba


Nsambya
18 Mei 2025

Kaka Khaemba,

Salamu kutoka kwa wote. Mama amepona mafua. Afande Odyek amepewa uhamisho wa Gulu, halafu ukafutwa. Anasema ni maombi ya mke wake, mke wake anasema yeye aliomba kinyume. Barua yako ilifika nikiwa kwenye mitihani. Niliisoma chooni.

Boksi limekufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, likatoa harufu na kunyamaza. Vispika vizima, sehemu ya diski nzima, rimoti nzima, na hakuna hata kimoja kinachofaa kitu bila vingine. Tulilirudisha kwa Shakib likiwa limefungwa ndani ya shuka. Akalifungua, akalifunga tena. "Mama, pole. Huyu ni wa kuzika."

Afande akafurahi vibaya. "Nilisema! Nilisema sabuni itayeyuka!"

Shakib akakubali kulichukua kwa ajili ya vipuri, atupunguzie bei ya kitu kingine. Mama akaanza kuuliza kama kuna boksi la namna nyingine. Na mimi, Kaka, nikafungua mdomo. Nikasema, "Amplifaya. Na mixa. Yenye tundu la maiki."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini Shakib aliniinamia akasikia. Mama akauliza, "Maiki ya nini? Nani atasema?"

Nikaanza kuikunja ile shuka. Ningemtaja nani?

Basi vimo ndani sasa. Afande na vijana wawili wa kambini walizirudisha spika, na Mama Benedicte akasimama barazani akiona vitenge vyake vikitupwa kitandani: "Weye Afande, unanibomolea duka!" Amplifaya ni ya mitumba lakini ni nzito, ya kweli. Maiki ya Baba nimeifuta kwa spiriti. Imelala kwenye kitambaa chake. Kila kitu kipo.

Uliniambia niandike ukweli. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linasikia ukisogea na kupaza. Jana Mama aliita kutoka jikoni mara nyingi, mwishoni akaja akapiga makofi mbele yake, na Baba akashtuka kama mtu aliyekamatwa akiiba. Mama akaenda kulia kule nyuma kwenye kamba ya nguo. Dawa bado inaendelea, kwa sababu ugonjwa nao unaendelea.

Unasema tutaongea ukija. Utakuja lini? Mimi siombi nadhiri zako, siombi chochote cha huko. Naomba neno moja. Kama maiki unaihitaji, sema. Kama huihitaji, sema. Mbona mnakaa na vitu vya watu kwenye droo?

Nisamehe kwa mstari huo wa mwisho. Nimeutazama nikaamua kuuacha.

Nabalayo


Njombe
15 Juni 2025

Naba,

Msalimie Mama na Baba, mmoja mmoja, Baba kwa kumshika mkono. Hapa viazi vimevunwa. Mwenzetu mmoja ameondoka usiku bila kuaga, na tumeambiwa tusimzungumzie.

Ulifanya vizuri kuuacha ule mstari. Niliusoma, nikaenda kukamua, nikarudi nikausoma tena.

Siji, Naba. Nadhiri za kwanza ni tarehe nane Septemba. Anayetoka kabla huanza upya, nami nikitoka najijua, sitarudi kuanza. Nilisema "tutaongea nikija" kwa sababu sikutaka kuandika kwamba siji.

Na maiki si yangu. Haikuwahi kuwa. Baba hakuniambia hata siku moja nitashika. Ni watu wa kibanda walioniambia, na mimi nikaogopa kuwaangusha. Nilipoondoka niliwaza, sasa wataacha kunitazama. Sikuwaza nani mwingine alikuwa anangoja.

Sikiliza, maana hili ulikuwa mdogo hukulijua. Pale kibandani hakuna aliyewahi kupewa maiki. Baba alikuwa mfagiaji. Mtafsiri wa wakati ule alitoka kwenda kukojoa katikati ya filamu, watu wakaanza kupiga kelele, na Baba akaliacha fagio, akakalia kile kiti na kuanza kusema. Yule mzee aliporudi alimkuta anaendelea. Akasimama pembeni akasikiliza, akaenda kununua sigara. Hivyo ndivyo ilivyo. Kiti kikiwa wazi, anakikalia mwenye maneno. Anayeomba ruhusa anaonyesha bado hana.

Wewe maneno unayo. Ulihitaji tu mtu akuambie hakuna wa kumwomba, na aliyejua alikuwa mimi, na nilikaa kimya, Kwaresima nzima bila kujua, na baada ya Kwaresima nikijua.

Barua hii ikifika jioni, kaa jioni hiyo hiyo. Usingoje Jumapili.

Khaemba


Nsambya
27 Julai 2025

Kaka Khaemba,

Mama anakusalimu, ana kikohozi cha jua, si kitu. Mama Benedicte amepata mjukuu wa kike. Mvua zimekwisha na vumbi limeanza. Barua yako ilikuja na muhuri wa Nairobi, halafu wa Mbarara, sijui iliendaje huko. Niliipata Jumatano, na nilikaa jioni ile ile kama ulivyosema.

Sikumwambia mtu. Tulikuwa tumekaa, filamu ya muuza sokoni imeanza, Afande na mke wake kwenye kochi, Mama Benedicte mlangoni ili achunge chungu chake cha maharage kule kwake. Niliinuka. Niliwasha mixa, nikaketi kwenye kistuli kando ya spika, nikashika. Nikashusha sauti ya filamu kwa mkono wa kushoto na nikasema maneno ya kwanza, na yale masanduku ya mbao yakayatoa makubwa, Kaka, makubwa kuliko mimi. Nilidhani ni mtu mwingine.

"Sema, toto ya Redio!" Afande akapiga kelele. "Sema na nguvu!"

Nikasema na nguvu. Jambazi nikampa sauti ya mwalimu wetu wa hesabu. Mke wa Afande alilia kwa kucheka. Baba alikaa mbele kabisa, sikio la kushoto limeelekea spika, anatikisa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo, na kidole kinapiga goti.

Filamu ilipokwisha alichukua kibao akaandika, akakiinua ili wote wasome: NIMESIKIA YOTE. Mama akakikumbatia kile kibao, chaki ikabaki kwenye blauzi yake. Kesho yake Ggaba nzima ilikuwa imeambiwa.

Hayo nimekuandikia vizuri kwenye barua nyingine, iko hapa mezani. Siku hizi Baba anasoma barua ninazokuandikia kabla hazijafungwa, na anaongeza salamu zake chini kwa kalamu. Hii ni ya kuingia katikati yake, asiione.

Karibu na mwisho, kwenye zile mbio za sokoni, Mama Benedicte alikumbuka maharage, akakimbia, mguu ukanasa waya. Maiki ikachomoka kwenye tundu lake. Niliendelea kusema na hakuna kilichotoka, na sauti ya filamu nilikuwa nimeishusha. Sebule ikawa kimya kabisa. Afande aligeuka. Mke wake aligeuka. Wote waliutazama waya, na mimi nilikuwa magotini nautafuta.

Baba hakugeuka. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kidole kikipiga goti. Kwenye filamu yule jambazi mnene akadondoka ndani ya karai la samaki. Pale ndipo zamani Baba alipokuwa akisema, "Huyu amefika Ggaba bila nauli!" na kibanda kizima kinasimama. Hakuna aliyelisema safari hii. Mimi nilikuwa chini ya meza. Na Baba akacheka, mabega yakapanda na kushuka, ile hewa ikapiga filimbi shingoni, akajipiga paja.

Nikaurudisha waya nikaendelea. Watu wakaendelea.

Usiku, wote wamekwenda, aliniita kwa kidole. Akaandika mstari wa pili, wangu peke yangu, kwa herufi ndogo: Ile ya Ggaba umeiweka pale pale.

Nikachukua chaki nikaandika, Asante Baba.

Sijui nani mwingine aliona. Mama alikuwa jikoni na chai. Afande amekuwa mpole tangu siku ile, lakini labda ni uhamisho umerudi. Baba anataka tufanye tena leo jioni, ameshachagua filamu na amefuta vumbi kwenye spika mwenyewe. Nitafanya. Nitaiweka pale pale.

Nilitaka mtu mmoja ajue, na wewe uko mahali ambapo watu hunyamaza.

Anakuja. Nasikia kandambili zikiburutwa kwenye ukumbi, na filimbi ya pumzi. Yeye hajisikii anavyoziburuta, anadhani ananinyemelea. Kalamu yake imo mkononi kwa ajili ya salamu zako. Naiweka hii chini ya ile nyingine, ile inayosema alisikia